Nguzo Haikosei

14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana tulilelewa. Huku sote wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mama anapumua. Shemeji yako anapumua na kulalamika, kwa hiyo yeye ni mzima kuliko wote. Kuku wawili walionekana juu ya paa la jirani siku tatu baada ya maji, wamenuna kama watu ambao hawakualikwa harusini. Ng'ombe hakuna. Usiniulize habari za ng'ombe tena.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu una tabia. Nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao wako unaanza kukatika. "Halo? Halo, dada? Sikusikii." Nikiuliza habari za watoto, mtandao unarudi. Karatasi haikatiki. Anakuletea Breki, dereva wa lori la mchanga. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka umeisoma mpaka mwisho, kwa sababu nakujua.

Tunaishi darasani, kaya saba. Ni darasa lile lile ulilotufanyia semina mwezi wa pili. Madawati tumeyasimamisha kwa ubavu yawe kuta, na usiku mtu akikohoa kaya nzima ya pili inamwambia pole. Ukutani maji yameacha mstari wa kahawia, umenyooka kana kwamba fundi kaupiga kwa uzi, umeishia chini ya ubao. Juu ya ubao maneno yako bado yapo, yale uliyoyaandika kwa rangi nyekundu iliyobaki, ukisema chaki hufutika: NGUZO HAIKOSEI. Kila asubuhi mwenye duka, ambaye sasa hana duka, anaamka, anayasoma kwa sauti, kisha ananitazama.

Nikukumbushe, maana watu wa ofisini mna mafaili mengi. Mwaka jana ulitoka huko kwenye ofisi yako ya tahadhari ya mafuriko, ukaja na nguzo ya rangi tatu, ukaisimika kwenye kona ya mto. Maji yakiwa kwenye nyeupe, endeleeni na kazi. Yakifika njano, pandisheni mbegu darini na toeni mifugo. Nyekundu, ondokeni. Ukanichagua mimi niwe msoma nguzo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaangalia jiwe la kufulia, hapo hapo kwenye kona: likizama, hata bibi kizee anabeba gunia. Ulilicheka jiwe mbele ya watu. "Jiwe halina cheti," ulisema. Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi ya wote, kwa sababu aliyesema alikuwa wangu.

Tarehe mbili mwezi huu nilisimama kwenye nguzo tangu asubuhi. Saa nne, nyeupe. Watu wananipigia kelele kutoka mashambani, "Vipi, Bibi Nguzo?" Nami nawajibu, "Nyeupe, limeni!" Saa sita, nyeupe. Saa nane mchana, nyeupe, kavu, maridadi kama siku ya uzinduzi. Na saa nane hiyo hiyo maji yalikuwa yameshatoka kwenye kona ya mto, yameshika mfereji wa zamani, yamezunguka nyuma ya kijiji na kutuingilia kwa mlango wa uani, kama mwizi anayeijua nyumba.

Nina swali moja. Nguzo ilipong'olewa kwenye kona na kupandishwa kule juu barabarani, rangi zilibadilishwa?

Jibu ni ndiyo au hapana. Halafu fanya haraka kuhusu mbegu. Zetu zote zilikuwa chini, kwa sababu nyeupe haipandishi gunia. Bibi shamba anasema tukipata mbegu za muda mfupi kabla ya mwisho wa Mei, tunapanda kwenye tope hili hili na kitu kitaliwa. Baada ya hapo jua litaligeuza sakafu.

Siku hizi siitwi Bibi Nguzo. Naitwa Bi Nyeupe.

Dada yako


29 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta mkiendelea vizuri na urejeshaji wa hali. Sisi hatujambo. Wifi yako alisumbuliwa na jino lakini sasa anatafuna. Watoto wanakusalimu, yule mdogo ameanza kusoma na anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye sabuni.

Breki alifika ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wageni akila karanga muda wote niliokuwa nasoma na kuangusha maganda kwenye zulia la mkuu. Nikigeuza ukurasa haraka anasema, "Hapo umeruka." Nakuomba barua zijazo zipitie mapokezi.

Nimeumia sana kwa yaliyowapata. Huku nasi hatulali. Simu tano mezani, ramani ukutani imejaa pini nyekundu, feni imekufa, na kila anayeingia anataka takwimu kabla ya saa sita.

Kuhusu suala la nguzo, uhamishaji ulifanyika kwa sababu za kiufundi, na masuala yote yanayohusiana nao yalizingatiwa. Naomba usilizungumze sana mbele ya watu kipindi hiki, kwa kuwa tathmini inaendelea.

Kuhusu mbegu, ziko ghalani. Zinasubiri taarifa ya tathmini, ambayo naiandaa mimi, kwa hiyo kuwa na subira. Siwezi kuisahau damu yangu.

Umesema Mama anapumua. Fafanua.

Na jambo dogo: lile sanduku langu la bati lililokuwa chini ya kitanda cha Mama, lilisalimika? Nauliza tu. Kuna nafasi imetangazwa hapa, juu kidogo ya yangu, na wanataka vyeti halisi.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Jino la wifi nimelifurahia. Mama anapumua.

Jana bibi shamba alikuja na taarifa yako. Alifika kwa miguu, sketi imekunjwa magotini na faili kichwani lisilowe. Akasimama chini ya maandishi yako, akasoma. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Umetuita "jamii stahimilivu", watu wakajitazama. Ukurasa wa nne akapunguza sauti, na ndipo kila mtu alipoanza kusikiliza.

"Wakulima wa bonde walipewa nyenzo na mafunzo ya kutosha," akasoma. "Hasara ilitokana na msomaji wa nguzo kutochukua hatua kwa wakati."

Mwenye duka akasema, "Rudia hapo kwenye msomaji."

Akarudia.

"Msomaji ndiye nani?" akauliza fundi cherehani, mtu ambaye mashine yake niliisaidia kuichimbua kwenye tope kwa mikono yangu.

"Si huyo hapo. Bi Nyeupe."

"Na aliyeandika ni nani?"

Bibi shamba akafunga faili. Hakulitaja jina lako. Wala hakukuwa na haja. Sahihi yako ina mkia mrefu, ilionekana mpaka mlangoni.

Shemeji yako akasimama. Unamjua, hajawahi kumaliza sentensi mbele ya watu. Akasema, "Mke wangu alisimama kwenye ile nguzo tangu..." akakaa. Ndiyo hotuba pekee aliyowahi kunitolea tangu tuoane, na nimeipokea.

Kisha ukurasa wa tano. Vijiji vilivyozingatia tahadhari, mbegu sasa hivi. Vijiji vilivyozembea, kundi la pili, katikati ya Juni. Sisi tumezembea. Katikati ya Juni! Hivi unajua tope la huku likoje katikati ya Juni? Unajua sana, ulizaliwa juu yake. Ulikuwa unalivunja kwa shoka upate vipande vya kumrushia mbuzi.

Msomaji ni mmoja, ndugu yangu. Usiniambie hukumtaja mtu. Ukiandika "jua", nani atauliza ni jua lipi?

Umeniambia niwe na subira kwa kuwa taarifa unaiandaa wewe. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilifanana na yule kuku anayefurahi kwa kuwa mwenye kisu ni wa nyumbani.

Swali langu bado liko pale pale. Rangi zilibadilishwa?

Dada yako


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Tuache hayo.

Barua yako imenikera na nitasema wazi. Unadhani mimi ndiye ofisi? Taarifa inapita kwa watu wanne kabla haijatoka. Mkuu akisema sababu lazima ionekane, sababu inaonekana. Ningeandika nini? Kwamba nguzo iliyozinduliwa kwa kipaza sauti na utepe ilikuwa na kasoro? Wangenifuta kazi siku hiyo hiyo, na aje mtu mwingine asiyejua hata mto wenu unapinda wapi. Nikiwa ndani naweza kuwasaidia. Nikiwa nje nitawasaidia na nini, na pole?

Kundi la pili si mwisho wa dunia. Ni wiki tano tu.

Na kwa kuwa umependa kuuliza, nami niulize. Wewe una miaka hamsini na miwili kwenye mto ule. Kabla ya nguzo, kabla yangu, watu walikuwa wanakuja kwako kuuliza maji yakoje. Siku ile ulikuwa na macho yako mawili. Hukuona kitu chochote? Unataka kuniambia ulisimama hapo kutwa nzima ukitazama mti uliopakwa rangi, na mto wenyewe hukuutazama?

Jibu na wewe.

Tafadhali nijulishe kuhusu sanduku. Mwisho wa kupeleka vyeti ni tarehe thelathini.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Tupo.

Umeniuliza kama niliona. Niliona.

Saa nne asubuhi nilishuka kwenye kona kuchota maji ya kunawa. Jiwe la kufulia halikuwepo. Lilikuwa limezama lote, na juu yake maji yalikuwa yanazunguka, yale ya rangi ya chai. Nilisimama pale na ndoo. Miaka hamsini na miwili ikaniambia piga kelele. Nikapanda nikaitazama nguzo, nyeupe. Nikarudi nikalitazama jiwe, halipo. Nikajiambia, nikipiga kelele kwa ajili ya jiwe, watu watasema dada yake mwenyewe hamwamini. Nikajiambia, kijana kasoma. Nikapanda juu nikawaambia limeni.

Hilo sikulisema kwa mtu yeyote, hata kwa shemeji yako. Barua yako ilipofika jana, niliisoma mara mbili, nikasimama chini ya maandishi yako nikawaambia wote darasani. Nilisema jiwe lilikuwa limezama saa nne na mimi nililiona. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye duka akasema, "Afadhali umesema wewe." Akaenda kuanua nguo. Nilitamani anitukane.

Basi mimi langu nimelitoa. Nimebaki na yako mawili.

La kwanza ni sanduku. Umeliulizia mara mbili, na nimekaa kimya kwa sababu Mama alinikataza. Leo namvunjia amri. Maji yalipoingia nilimbeba Mama mpaka kwenye kichuguu cha nyuma ya shule, nikarudi kwa ajili ya mbegu. Nilipofika ndani nikamkuta Mama. Alikuwa amenifuata, maji kifuani. Nikamwambia, "Mama, shika gunia dogo, hilo la mahindi." Hakunisikia. Alikuwa amezama chini ya kitanda. Alitoka na sanduku lako la bati, amelikumbatia kama mtoto mchanga. "Vyeti vya mwanangu," alisema. Mlangoni akateleza. Sanduku halikuguswa na maji hata tone. Mama amevunjika nyonga. Daktari wa zahanati anasema kutembea atatembea, lakini kwa fimbo, na si mwaka huu.

Ulitaka nifafanue "anapumua". Nimefafanua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu, na guu likavunjika la Mama.

La pili. Pamoja na barua hii Breki anakupa daftari, limefungwa kwenye mfuko. Ni lile la kusomea nguzo, kurasa themanini, mwandiko wangu wa penseli. Siku ile lilikuwa limefungwa kwenye kanga yangu kiunoni, ndiyo maana lipo. Fungua tarehe 19 Februari. Nimeandika: "Nguzo imehamishwa. Hatua arobaini na mbili kwenda juu. Nimemuuliza mdogo wangu kama rangi zitashushwa. Amesema, Dada, hayo waachie wataalamu. Nimewaachia."

Kamati ya mbegu inakaa tarehe ishirini na moja. Bibi shamba alinishauri nilipeleke daftari huko moja kwa moja. Au walau ninakili kwanza. Sikupeleka na nakala hakuna. Ukitaka kulichoma, choma. Jiko la chai la ofisi yenu linatosha. Lakini ujue hivi: ukisema wewe, utakuwa umekosea. Nikisema mimi, utakuwa umeongopa. Nimekuachia hilo la kwanza, na nimekuachia kwa hasira. Usije ukadhani ni huruma.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu kama ataipokea.

Breki safari hii hakula karanga. Alisimama mlangoni amevua kofia. Nadhani alijua kilichomo.

Jibu la swali lako ni hapana. Rangi hazikubadilishwa.

Sababu za kiufundi hazikuwepo. Kulikuwa na viatu. Siku tatu kabla ya uzinduzi nilikwenda kukagua njia na nikaona kwamba kutoka barabarani hadi kwenye kona ni tope tupu. Mkuu alikuwa amenunua viatu vya rangi ya asali, vipya, alikuwa ametuonyesha ofisini. Hakuniagiza chochote, dada. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hata hakujua nguzo iko wapi. Mimi mwenyewe nilisema, tuipandishe juu, gari lisimame karibu, picha itoke vizuri. Fundi akaniuliza, "Na hizi rangi?" Nikasema tutakuja kuzishusha baada ya uzinduzi. Baada ya uzinduzi kukawa na chakula, kisha wiki ikaisha, kisha mwezi. Uliponiuliza wewe palikuwa na watu, na sikutaka kuonekana sijui.

Daftari sikulichoma. Nitakuwa mkweli, nililiweka kwenye droo siku mbili. Tarehe ishirini na moja nililipeleka kwenye kamati, nikasoma ukurasa wa Februari kwa sauti, kisha nikawaeleza habari za viatu. Mkuu aliuliza, "Viatu vipi?" Watu wote wakatazama chini ya meza. Alikuwa amevivaa.

Nimeandika upya ukurasa wa nne na wa tano. Mmeingizwa kundi la kwanza. Sikuweza kuwapatia kiasi chote, kwa kuwa vijiji vingine vilishachukua. Breki anapakia magunia kumi na manne badala ya thelathini, na atafika kwenu tarehe ishirini na nane barabara ikimruhusu. Nami nimehamishiwa stoo. Nahesabu majembe. Ile nafasi ya juu sikuiomba, kwa hiyo usihangaike na vyeti.

Naandika na machozi yananitoka, lakini najua utasema karatasi imelowa, na wewe umeshachoka na vitu vilivyolowa.

Ukiona vyema, wasomee watu barua hii.

Mdogo wako


15 Juni

Dada,

Shikamoo. Wiki tatu hujajibu. Breki ananiambia magunia aliyashusha na wewe ulisaini, lakini nikimuuliza kama umetuma neno anasema, "Mimi nabeba mchanga." Mama yuko vipi? Tafadhali, hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Sikujibu kwa sababu nilikuwa napanda. Watu wengine wana kazi.

Hatujambo. Mama sasa anakaa na anatoa amri, na shemeji yako ndiye anayezipokea. Kuku wamekuwa watatu. Sijui huyo wa tatu ni wa nani na sitaki kujua. Tumetoka darasani wiki iliyopita. Nyumba ina kuta tatu na turubai, lakini mlango wa uani nimeuziba kwa matofali. Safari nyingine maji yapige hodi mbele kama watu.

Magunia yalifika tarehe ishirini na tisa. Kumi na manne kwa kaya thelathini na moja. Tuligawa kwa bakuli, bibi shamba akiwa na bakuli na mwenye duka akimsimamia bibi shamba. Tukapanda mashamba ya chini yote, ambako tope lilikuwa bado linameza jembe. Ya juu hatukuwahi. Yamekauka, yamepasuka, unaweza kupitisha mkono kwenye nyufa. Wiki ulizokaa na ukurasa wako wa nne, na siku mbili za droo, zipo kule juu, nenda ukazione. Shamba la fundi cherehani liko kule lote. Hatavuna kitu. Sitakuambia ni sawa, kwa sababu si sawa, na yeye pia hataki uambiwe hivyo.

Barua yako niliisoma mbele ya watu, neno kwa neno, na viatu nikavirudia mara mbili kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Ulidhani watakasirika. Walicheka. Walicheka mpaka fundi cherehani akakaa chini. Halafu mwenye duka akachukua mkaa, akapanda juu ya dawati, na chini ya NGUZO HAIKOSEI akaongeza: ANAYEIHAMISHA, JE? Mwalimu mkuu amesema hatafuta. Anasema ni somo.

Mimi bado naitwa Bi Nyeupe. Hilo limeshika, halitoki. Lakini sasa wananiita huku wakiniuliza maji yakoje, na nawajibu kwa jiwe.

Kuhusu lile daftari: nilikuambia nakala hakuna. Nakala ilikuwepo, bibi shamba aliiandika yote, iko chini ya godoro la Mama. Nawe uliniambia masuala yote yalizingatiwa. Tumelingana.

Vyeti vyako viko kwenye mfuko wa plastiki, vimetundikwa darini. Sanduku Mama amelichukua. Ameweka humo mbegu za msimu ujao, amefunga kwa kufuli na ufunguo kauvaa shingoni. Anasema katika vitu vyote ulivyoleta nyumba hii, hicho ndicho kilichothibitika kuwa hakiingii maji.

Sasa sikiliza. Kikao kimeamua nguzo irudi kwenye kona ya mto, karibu na jiwe, ili vitazamane. Rangi tutazipaka upya: njano itaanza pale jiwe linapozama. Bibi shamba ndiye atakayepima, na mimi nitashika kamba. Kilichobaki ni shimo. Kina cha mkono mzima, kwenye tope, na wamesema kwa kauli moja kwamba atakayelichimba ni wewe. Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mama tutambeba na kiti chake, amesema anataka kuona.

Sijakusamehe. Wala usije ukiwa na maneno ya kuomba hilo, njoo na jembe. Si umesema unayahesabu? Breki atakuchukua stoo saa kumi na mbili.

Na Breki ataniambia ukimwomba akuazime viatu vya mpira. Usimwombe. Njoo na vile vyako vya ofisini.

Dada yako,
msoma nguzo